Saini ya Mia na Hamsini

Harufu ya vumbi la chaki inanitia hasira mpaka leo. Mwanangu akirudi shule na sketi yenye chaki naikung'utia mbali, maana pua yangu ikiipata tu namwona Nukta, mwalimu wetu wa hesabu. Nasikia amestaafu. Sijamsamehe, na msinishauri.

Tulimwita Nukta kwa sababu kila sentensi aliimalizia kwa kugonga chaki ubaoni. Shule ilikuwa Tabata. Mimi nilitembea kutoka Vingunguti, ambako baba alikuwa mchuna ngozi machinjioni. Nukta hakututaka sisi wa Vingunguti, alipita kwenye madawati yetu ameziba pua. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, tuisheni zilishaota kila uchochoro, naye hesabu zenyewe alizifundishia kwake jioni. Darasani alituachia methali: "Asiyejua maana haambiwi maana." Kwa mwalimu, methali ya ajabu kweli.

Nikiwa kidato cha pili niliugua malaria, nikakosa shule siku nne. Siku ya nne jirani yangu Sharifa, tuliyesoma naye darasa moja, alipaza sauti kutoka uani kwao: "We Tatu! Nukta kasema kesho kila mtu aje na saini ya mia na hamsini. Huna, huingii kwenye kipindi chake!"

Sasa jamani, ningewaza nini? Michango ya shule haikuwa na mwisho, na kila mchango, hata wa shilingi mia na hamsini, ulitaka kwanza saini ya mzazi. Nikaenda kwa baba.

Baba alijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru, na kilichombakia ni jina lake tu. Lakini hilo alilijua. Alinawa mikono mara mbili kwa sabuni ya mche, akakaa kwenye kigoda, akaandika Chilumba taratibu, ulimi nje, halafu akavuta mkia mrefu chini ya herufi zote. Akalipuliza likauke.

"Wape," alisema. "Waone kwamba una baba."

Kesho yake Nukta alilitazama daftari langu, kisha akalinyanyua darasa zima lione. "Nimeomba saini ya pembe ya nyuzi mia na hamsini, huyu kaniletea ya baba yake!" Akalinusa. "Tena saini yenyewe inanuka maini."

Darasa liliangua kicheko. Nikatolewa nje, nisirudi mpaka niijue hiyo saini yake. Kufika jioni, watoto wa mtaani kwetu walikuwa wananiita Saini Maini. Baba aliporudi kazini aliuliza mwalimu kaionaje saini. Nilimwambia kaisifu.

Sharifa, kwa aibu, alinichorea duara mchangani kwa kijiti na kipande cha kamba. "Urefu wa kamba ni moja," alisema. "Anzia kulia, zunguka kupandia juu. Hapo ulipofika, umekwenda pembeni kiasi gani? Hiyo kosaini. Umepanda kiasi gani? Hiyo ndo saini."

Nilipima mwenyewe. Kwenye nyuzi thelathini nilikuwa nimepanda nusu ya kamba. Kwenye mia na hamsini nilikuwa upande wa kushoto, lakini kimo kilekile, nusu. Kosaini tu ndiyo iliyogeuka hasi. Basi! Hicho ndicho alichokuwa anatuficha. Nililia kwa ghadhabu.

Asubuhi nikamjibu Nukta: "Nusu."

"Umenakili," alisema, akaniacha nikae.

Muhula ulipoisha, ripoti ilitaka saini ya mzazi. Baba aliitazama kitambo, akaomba biro, akajipaka wino kwenye dole gumba, akaligandamiza juu ya mstari. "Mkono unauma," alisema. Mpaka anafariki sikumwona tena akiandika jina lake.

Mkono ulikuwa mzima; asubuhi hiyohiyo ulichuna ng'ombe. Lakini watoto walikuwa wakiimba Saini Maini mlangoni petu, na baba hakuwa kiziwi. Hayo nimeyaelewa ukubwani. Siku ile mimi niliona nafuu, kwa kuwa alama ya dole haikuwa na herufi za kuchekwa.

"Ahsante, baba," nilimwambia. "Hivi ndo vizuri zaidi."