Pua ya Bibi

Sauti ya kile chungu naisikia mpaka leo: pwu… pwu-pwu… kimya… pwu. Kama mtu anayesali rozari huku mdomo umejaa uji. Kilikuwa kinakaa kwenye kona ya jiko la bibi, kimefunikwa ungo, kimevishwa sweta kuukuu la marehemu babu maana baridi ya Ufipa haina huruma hata kwa pombe. Ndani yake ulezi ulikuwa unaiva.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa anapika pombe za sherehe mtaani kwetu, pembeni kidogo mwa Sumbawanga mjini. Ubatizo, kipaimara, harusi, wote walikuja kwake. Wenzake walipima pombe kwa kuonja. Yeye alikuwa anapita tu mlangoni, anavuta hewa mara moja, anasema, "Bado, mpaka kesho jioni." Na kesho jioni ndiyo inakuwa kweli.

Halafu kipupwe kimoja alishikwa na mafua makali. Mafua yakaondoka, yakaondoka na pua. Mimi niligundua siku moja nilipotoka kisimani nikakuta jiko limejaa moshi, maharage yamekuwa makaa, na bibi ameketi palepale anachambua mchicha kwa raha zake.

"Bibi! Maharage!"

Akainua kichwa, akaona moshi. "Leo nimeamua yawe ya kukaanga," akasema.

Nilimtazama, akanitazama. Akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Ukimwambia mtu, sikulishi tena."

Nilielewa hofu yake. Shangazi, binti yake mkubwa, alikuwa ameshaanza maneno. "Mama, siku hizi watu wanakunywa za chupa. Pumzika." Kwa bibi, kupumzika maana yake ni kukaa kwenye kiti cha plastiki unasubiri kupelekewa chai. Na harusi ya baba mdogo, mtoto wake wa mwisho, ilikuwa karibu. Kwetu chungu cha kuwapokea wakwe hupikwa na mama wa bwana harusi mwenyewe. Wakwe walikuwa wanatoka Namanyere, watu wanaojua ulezi. Kama asingeweza kupika hicho, asingepika kingine.

Ndipo nikapewa kazi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu si ya kusomwa mbele za watu, nashinda nyumbani nikiota kuwa mtangazaji wa redio. Sasa nikawa pua. Bibi alikuwa ananiita mbele za watu bila aibu yoyote: "Mjukuu wangu, hebu ninusie hapa, macho yangu yamechoka." Hakuna aliyeuliza macho yanahusiana vipi na kunusa.

Kazi niliipenda. Shuleni darasa la nne walitufundisha milango mitano ya fahamu, na mimi nilidhani ni milango kweli, nikawa nasubiri siku tutakayopelekwa kuiona. Mwalimu akamfunga mwenzetu mmoja macho, akambana pua, akamlisha kipande cha kitunguu. Jamaa akatafuna, akasema kwa uhakika kabisa, "Kiazi kitamu, mwalimu." Mwalimu akaachia pua. Yule mwenzetu akatoka mbio mpaka bombani. Tulicheka wiki nzima. Sikujua kwamba nacheka maisha yangu ya baadaye.

Maana wiki mbili kabla ya harusi, tukiwa tumeshaloweka ulezi wa kimea, nikashikwa na mafua. Pua ikaziba kama mlango wa ofisi siku ya Jumapili. Ningesema? Nikamwangalia bibi alivyokuwa anauosha ule ulezi, anajiimbia, nikanyamaza. Nikasema moyoni, kesho itafunguka.

Ulezi ukishalowana unautia ndani ya gunia, unaufunika, unauacha uchipue. Bibi akachukua gunia zuri, jeupe, lililokuwa limekunjwa stoo.

"Nusa."

Nikaingiza kichwa chote gunieni. Nikavuta hewa kwa bidii, nikasikia masikio tu yakilia.

"Safi, bibi. Linanukia gunia."

Siku tatu kimea kikachipua, vijimizizi vyeupe kama ndevu za mtoto wa sekondari. Tukakianika mkekani. Asubuhi ya kwanza akaja paka mmoja, akakaa pembeni. Mchana walikuwa watatu. Kesho yake watano, wamejipanga mstari mmoja, wametulia, wanakitazama kile kimea kama waumini wanaosubiri komunyo.

"Wanafuata panya," akasema bibi.

"Ni panya hao," nikajibu mimi.

Macho tulikuwa nayo manne, mazima. Tuliwaona paka vizuri sana. Ila kumbe jicho likikosa pua huwa linajitungia habari lenyewe.

Siku ya tatu akapita mama jirani, yule mwenye kibanda cha vocha. Akasimama getini, akakunja uso.

"Shikamoo mama. Eh! Hii pombe ya safari hii mtainywa au mtailia ugali?"

"Marahaba. Una maana gani?"

"Dagaa, mama! Nimewasikia tangu kule barabarani."

Lile gunia shangazi alikuwa amelitumia kuletea dagaa kutoka Kasanga, ziwani. Na kama alikuwa ameitwa, jioni ile shangazi mwenyewe akaingia, akainama mkekani, akashika pua.

"Mama! Hukusikia harufu hii? Siku tatu?" Kisha akapunguza sauti, na hiyo ndiyo iliyouma. "Basi, mama. Tutaagiza kreti. Si kosa lako, ni umri."

Bibi alikuwa anaokota kimea punje mojamoja, anakirudisha kwenye ungo, kana kwamba bado kina kazi. Sikuweza kuvumilia.

"Ni mimi," nikasema. "Nina mafua tangu Jumatatu. Nilidanganya."

Shangazi akanigeukia. "Na mafua yako yanamhusu nini mama?"

Ndiyo hapo siri ilipomwagika. Bibi akamtazama shangazi, akanitazama mimi, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka kilemba kikaanguka.

"Kwa hiyo," akasema akifuta machozi, "nilikopa pua kwa mtu asiye na pua!"

Shangazi akajaribu kubaki amekasirika. Akashindwa.

"Siku zilizobaki zinatosha kimea kingine," bibi akasema. "Nipe hizo. Kikiharibika, leta kreti zako na kile kiti cha plastiki."

"Sawa, mama. Mara moja tu."

Safari hii hakuniambia ninuse. Alitia mkono ndani ya ulezi kusikia joto lake, kama anayempima mtoto homa. Kilipokauka, alitafuna punje karibu na sikio langu: "Ikilia ka! imekauka. Ikilia kwa uvivu, rudisha juani." Na pombe ilipokaa chunguni, akanishusha kichwa mpaka kwenye sweta la babu. "Sikiliza. Ikiongea haraka bado mtoto. Ikianza kuongea kama babu yako alipokuwa anasinzia, tuichuje." Tulikaa pale, masikio mawili kwenye chungu kimoja. Pwu… pwu-pwu… kimya… pwu.

"Ndiye," akasema bibi. "Babu yako huyo kabisa."

Siku ya harusi baba mkwe wa Namanyere alikunywa, akafunga macho, akabaki analamba midomo mpaka shangazi akaanza kutazama kreti alizozificha nyuma ya mlango. Kisha mzee akanyoosha kata aongezewe. Akauliza nani amepika. Bibi akasema, "Mimi," tena kwa sauti ya kufika barabarani. Kiti cha plastiki alikikalia shangazi.

Jioni, wote walipokuwa wanacheza chini ya turubai, niliingia jikoni peke yangu. Mafua yalikuwa yamekwisha, nilisikia harufu ya ulezi toka mlangoni, tamu, kama mkate na mvua. Chunguni palikuwa pamebaki kidogo. Nikateka kikombe. Nikafunga macho, nikabana pua kwa vidole viwili, nikanywa kama anavyokunywa bibi: ubaridi, uchachu, mapovu yanayogonga juu mdomoni, chembechembe za pumba ulimini. Basi. Nilitamani sana kuachia vidole. Nikaendelea kubana mpaka kikombe kikaisha.