Maana ya Kumisi

Mama mkubwa alihamia kwangu Kengeja macho yake yalipoanza kufifia. Ni dada wa marehemu mama yangu, na mtoto wake wa pekee, msichana, yuko Maskati anafanya kazi za ndani. Mimi nasomesha Kiingereza skuli ya sekondari. Jioni narudi na mzigo wa madaftari ya kusahihisha, koo limekauka kwa chaki, na kabla sijavua viatu mama mkubwa huniuliza kama simu imeleta sauti ya mwanawe.

Siku moja ilileta. Binti alisema haraka haraka, kama mtu aliyejibanza jikoni mwa watu: "Assalaam alaykum, mama. Mimi mzima. Nimekumisi sana. Nimekumisi, mama."

"Kanambia nini?" mama mkubwa akauliza.

"Anakukumbuka."

"Kwani alikuwa kanisahau?"

"La, mama. Ana hamu nawe."

"Lau ni hamu angesema hamu. Weye si ndo unasomesha maneno yao?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikamwambia nitalitafuta.

Neno lenyewe, miss, naliandika ubaoni kila mwaka. Nawaambia wanafunzi maana zake: mpira umepita pembeni mwa goli, msafiri kafika Mkoani boti imeshaondoka, mtoto hakuja skuli, mtu anamtamani aliye mbali. Wananakili, nami nafuta ubao. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mambo yote hayo yakapewa neno moja. Kesho yake, nilipopata kipindi kitupu, nikafungua kamusi nene ya chumba cha walimu, ile inayoeleza na asili ya maneno. Ikasema neno hili ni la kale sana, na mwanzoni lilikuwa na maana ya kulenga kitu usikipate. Baadaye likawa kutambua kwamba kitu hakipo. Kusikitika kwa kuwa hakipo kulikuja mwisho kabisa.

Jioni nikamweleza mama mkubwa huku tunamenya muhogo. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Basi ni kukosa," akasema. "Si ungesema tangu jana. Nipe simu nimjibu."

Nikambonyezea kitufe cha kurekodi. Akaisogeza mdomoni, akasema taratibu, "Mwanangu, na miye nimekukosa."

Binti akapiga papo hapo, jambo ambalo si kawaida yake, maana bibi anayemfanyia kazi hataki simu kabla kazi hazijesha. Alikuwa analia. Kwetu kukosa ni pia kumkosea mtu; mzee akianza kulitaja, huwa anaomba radhi, na anayeomba radhi huwa anajiona yu njiani kuondoka duniani. Hilo sikuliwaza. Nilikuwa nawaza muhogo na madaftari.

"Mama, unaumwa? Umenikosa nini? Wewe hujanikosa kitu. Mimi ndiye niliyekuacha."

"Siumwi," mama mkubwa akasema. "Nyumba hii ina miye na dada yako huyu anayesinzia juu ya madaftari. Weye humo. Ndo kukosa kwenyewe."

Nilimsikia binti akivuta pumzi, na nyuma yake mashine ya kufulia inanguruma.

"Ntakuja, mama."

Alishalisema hilo mara nyingi, na mara zote likapita. Sikulitia moyoni. Mama mkubwa naye hakulirudia. Aliomba bakuli la muhogo, tukaendelea kumenya.

Binti alikuja baada ya karafuu kwisha kuchumwa. Alikuwa kakonda, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni za kusafishia. Mama mkubwa alimkalisha ukumbini, akampapasa uso, mabega, vidole kimoja kimoja. Ruhusa yake ilikuwa fupi, sote tulijua.

Jumamosi iliyofuata niliingia jikoni nikamkuta binti keshakuna nazi.

"Dada, nenda kalale," akaniambia. "Leo napika mimi."

Nilitaka kukataa kwa adabu, ila miguu ilikuwa imeshageuka. Nikalala bila kuvua hata kanga ya kichwani. Nilipozindukana adhana ya alasiri inaadhiniwa, na huko uani mama na mwana wanazozana juu ya chumvi ya mchuzi wa pweza. Mmoja anasema imezidi, mwingine anasema haijakolea. Nikabaki pale pale kitandani nawasikiliza, sina haraka ya kuinuka.