Lami Haijakukosea

Mimi ni fundi wa viatu, na kwa miezi kadhaa nilikimbia pekupeku. Wateja wangu wa mtaa wa Nyalenda walifurahi kupita kiasi. Mmoja, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye ndala zake nimezishona hadi hazina tena pa kushona, alikuwa akinipigia kelele kila nikipita: "Fundi, umeuza mpaka zako?" Nilimjibu vibaya mara kadhaa, kwa sababu mimi si mtu wa kutaniwa asubuhi.

Sikuanza kwa kupenda. Nilianza kwa sababu ya mama mkwe wangu na bendera yake.

Yeye ni muumini wa kanisa la kanzu nyeupe, lile la ngoma na bendera, ambalo watu wake huvua viatu wakiwa safarini kwa ajili ya Mungu. Kila mwaka hutoka Awasi, kwenye kanisa lao mama, hadi hapa Nyalenda kwa miguu. Waumini wengine wanaruhusiwa kupumzika, na wazee na wagonjwa hupanda lori. Lakini bendera haipandi gari. Haiwekwi chini, watu hawaipokezani, na aliyeondoka nayo Awasi ndiye anayefika nayo. Na haitembezwi, inakimbizwa. Mama mkwe wangu ameibeba tangu mke wangu akiwa msichana wa shule.

Mwaka ule wazee wa kanisa walimwita wakamwambia, kwa upole wote wa watu waliokwisha kuamua, kwamba umri umesogea na kuna mama wa Otonglo, mdogo kwake, anayeweza kuichukua. Mama mkwe akasema sawa, ila kwanza wamwache aibebe safari hii. Akichelewa, akisimama, au mtu akimshikia hata kidogo, wampe huyo wa Otonglo. Wakakubali. Nadhani walikubali kwa sababu walikuwa na hakika.

Nilimwona siku aliyotoka kwenye kikao hicho. Alikaa nje ya mlango wetu, akawa anajisugua nyayo kwa kipande cha jiwe. Ile bendera ndiyo iliyomsimamisha alipofiwa na mume. Kanisani hakuitwa mjane, aliitwa mama wa bendera. Nilimwonea uchungu sana, na sikuwa na ruhusa ya kumwambia.

Maana kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hatushikani mikono. Simwoni akila, naye hanioni nikila. Tukikutana njiani mmoja anapisha, na maneno yetu hupitia kwa mke wangu, hata tukiwa sote watatu uani. Wageni hutucheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Kuna watu wengi duniani ambao ningependa kuongea nao kupitia mtu mwingine.

Sasa mama mkwe akaanza mazoezi alfajiri, kwenye lami ya Ring Road, akiwa na mti wa ufagio aliofungia leso badala ya bendera. Mke wangu alikuwa mjamzito, tumbo limeshafika mbele yake. Akaniambia, "Nani ataangalia Mama na hizo malori? Wewe enda. Kaa ng'ambo ya barabara." Mke wangu haombi.

Basi nikawa nakimbia ng'ambo, nyuma kidogo, nimevaa raba nene nilizozishona mwenyewe. Baada ya wiki chache magoti yangu yalikuwa yamevimba. Yeye, mwenye wajukuu, hakuwa hata anatoka jasho la kutosha kufuta.

Jioni moja alimwambia mke wangu, mimi nikiwa nimekaa pale pale, "Ambia baba ya mtoto asigonge hiyo lami. Lami haijamkosea."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia," nikasema.

"Ambia yeye atoe hiyo viatu."

Hapo nilikasirika. Kumwambia fundi viatu atoe viatu! Lakini magoti yaliuma, na kesho yake nikavivua. Nilifikiri nitakimbia kwenye majani ya kando, kwa huruma ya nyayo zangu. Alinikataza kupitia mke wangu siku hiyo hiyo. Majani yanakudanganya, alisema. Ukikanyaga vibaya yanakufichia, mpaka goti lije kukuambia. Lami inakuambia papo hapo.

Na kweli iliniambia. Alinianzishia padogo, kutoka kibanda changu hadi kibanda cha maji na kurudi, basi, kesho tena. Hatua fupi za haraka. Goti limekunjwa kidogo. Mguu utue chini ya mwili, usitangulie mbele kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Kisigino kiguse mwishoni, kwa adabu. Na kitu kimoja alichokirudia hadi mke wangu akachoka kukifikisha: niisikilize miguu yangu. Mguu ukisikika, umekosea. Miguu yangu ilikuwa ikipiga makofi. Yake, ng'ambo kule, ilikuwa na sauti ya mtu anayechekecha unga chumba cha pili.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana mke wangu asipousoma hapa atauandika yeye. Ngozi ndiyo kazi yangu. Nikaona kwamba wayo ni ngozi kama ngozi nyingine, na malengelenge yangu yanahitaji tu kuzibwa. Nikapaka gundi ya viatu. Tabaka mbili, nikaacha ikauke kama inavyotakiwa, nikatoka alfajiri najiona mwerevu kuliko wote. Jua lilipopanda ile gundi ililainika. Kila changarawe ya Ring Road ikanikubali. Nilirudi na soli kamili ya mchanga, vibanzi na kizibo kimoja cha soda, na kuitoa kulichukua ngozi yangu pia. Mama mkwe alipita akaniona nimeinua miguu hewani, akajifunika uso kwa leso kwa heshima. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Baadaye alituma neno: wayo mgumu kama ubao hupasuka. Unatakiwa uwe mnene lakini laini. Hilo nililijua miaka yote kuhusu ngozi ya ng'ombe. Sikuwahi kufikiri kwamba linanihusu.

Tukaendelea. Tulifika Otonglo na kurudi, yeye upande wake na mimi wangu, leso ikipepea juu ya ufagio na watu wa sokoni wakiacha vitunguu vyao kututazama. Kuna siku alichelewa kutoka makusudi ili jua litukute njiani, kwa sababu siku yenyewe tungefika mchana, na mguu lazima ujue moto kabla ya kukutana nao. Ndipo nilipoona anakimbia juu ya mstari mweupe wa pembeni. Nikajaribu upande wangu. Rangi nyeupe haishiki joto kama lami nyeusi. Hakuwa ameniambia, alikuwa ananingoja nione mwenyewe, na nilipoona nilicheka peke yangu barabarani kama mwehu. Ninamheshimu kwa sababu ya mila, ndiyo, lakini siku hiyo nilimheshimu kwa hiari.

Siku ikafika. Mke wangu alikwenda na lori la wazee, kiti cha mbele, na tumbo lake. Ngoma zikalia Awasi kabla jua halijatoka, mama mkwe akapokea bendera kwa mikono miwili, akaondoka. Lori lilitangulia Nyalenda, na kundi likamfuata yeye kwa nyimbo. Tulipopita mashamba ya mpunga ya Ahero nyimbo zilikuwa zimebaki mbali nyuma, na barabarani tulikuwa sisi wawili tu, kila mtu na upande wake.

Karibu na Rabuor alichechemea. Nikamwona akiendelea, akichechemea tena, kisha akakimbia kwa ncha ya mguu. Damu ilikuwa inaacha alama kwenye mstari mweupe. Nikavuka barabara, nikasimama mbali kwa adabu, nikitazama mpunga.

"Ni chupa," alisema. Alikuwa anaongea na bendera, si na mimi. "Imeingia ndani."

Hangeweza kuitoa. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mti wa bendera, na hata angeweza kuishika kwa mmoja, macho yake hayakuona tena vitu vya karibu. Mimi sikuweza kumshikia bendera. Hilo lingekuwa mwisho wake. Nyuma hapakuonekana mtu. Ndani ya kofia yangu, kama siku zote, kulikuwa na sindano ya kazi niliyoichomeka, na kibuyu cha maji kiunoni.

Kuugusa mguu wa mama mkwe! Ningeambiwa nichague kati ya hilo na kuvuka ziwa kwa kuogelea, ningeuliza maji yako wapi.

Akageuza uso upande wa mashamba. Akakivuta kitambaa cha kichwa hadi machoni. Miguu yake haikuacha kukanyaga pale pale, polepole, asije akasemwa kwamba alisimama. Kisha akabaki juu ya mmoja, akirukaruka kidogo, na ule mwingine akaunyoosha nyuma, kama farasi anavyompa mguu mtu wa kwato.

Nikapiga magoti, nikaushika. Nilikuwa nimeshika maelfu ya viatu, sijawahi kushika kitu kilichotengenezwa vizuri vile. Ngozi nene, yenye mafuta yake, inayokubali kidole na kurudi. Kipande kilikuwa kwenye tao la wayo, pale palipo laini. Sindano ikakiinua, kucha zangu zikakimalizia. Nikamwagia maji. Hakutoa sauti yoyote. Mguu uliponitoka mkononi ulikuwa tayari unakimbia.

Nilivuka nikarudi upande wangu. Kutoka hapo hadi Nyamasaria, kati ya matrela na joto lile, nilimtazama mgongo wake na sikumsikia akikosea hatua moja.

Kanisani Nyalenda wazee walikuwa wamekaa wanangoja. Aliingia na bendera imesimama wima. Mzee mkubwa akatazama saa, akaridhika, kisha akatazama chini, akaona alama za damu kutoka mlangoni.

"Mama, umeumia."

"Chupa, Mzee."

"Ilitoka aje? Nani alikushikia bendera?"

"Hakuna."

"Sasa mikono ulipata wapi?"

Akidanganya, bendera imekwenda. Akisema kweli, mbele ya watu wote na mbele ya binti yake, ameshikwa mguu na mkwe wake. Yule mama wa Otonglo alikuwa amesimama tayari karibu na madhabahu. Mke wangu alinitafuta kwa macho, na mimi niliangalia vidole vyangu.

"Kulikuwa na fundi wa viatu kando ya barabara," mama mkwe akasema, wazi, bila kugeuka nilipokuwa. "Nikamletea mguu."

Mzee mkubwa alinitazama pale mlangoni. Alitazama miguu yangu mitupu yenye vumbi la Awasi, akatazama sindano kwenye kofia. Ananijua, nimemshonea mikanda. Kila mtu mle ndani ananijua.

"Fundi kazi yake ni miguu ya watu," akasema mwishowe. "Weka bendera mahali yake, Mama. Mwaka kesho utaitoa hapo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitoka nje haraka, kwa sababu nilikuwa ninalia na sikutaka muuza omena anione.

Jioni nilikuwa uani, miguu ndani ya beseni. Mama mkwe alikuwa upande wa pili, amegeukia ukuta kama kawaida, wayo wake umefungwa kitambaa safi. Aliongea kwa sauti ya chini na mke wangu, naye mke wangu akanigeukia.

"Mama anauliza, huyo fundi aliumia miguu?"

"Mwambie hapana," nikasema. "Mwambie lami haijamkosea."

Mke wangu akafungua mdomo ili amfikishie.

"Nimesikia," akasema mama mkwe.