Tembe za Kumezwa Nzima

Baba alikufa wiki ileile tembe zetu zilipofaulu kwa mara ya kwanza.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa msaidizi wa maabara katika chuo kimoja Nairobi. Mwalimu wangu alikuwa akichunguza gundi ya mgunga, ile ambayo kwetu Mwingi wachungaji huibandua kwenye magome na kuitafuna. Alitaka ishike dawa ndani ya tembe, isitoke yote kwa mara moja. Gundi ilivyo huyeyuka upesi, kwa hivyo tuliitia kemikali, tukaiosha kwa spiriti, tukaikausha na kuisaga. Baada ya hapo haikuyeyuka; ikilowa ilivimba ikawa ute mzito. Tuliichanganya na dawa ya pumu tukashindilia tembe. Mimi niliziloweka katika maji makali kama ya tumboni, nikachota kidogo kila saa na kupima. Siku zilipofaulu, saa kumi na mbili zilipita na tembe bado ilikuwa ikiachilia dawa polepole. Mwalimu alinipa mkono.

Baba alikuwa na pumu, na moyo wake haukuwa na nguvu. Hospitali ilikuwa imembadilishia dawa, ikampa tembe kutoka ng'ambo za aina hiyohiyo, za kuachilia dawa polepole: moja asubuhi, moja jioni. Zilikuwa kubwa. Mama alikuwa amezoea kumsagia dawa zake kwa mgongo wa kijiko na kuzikoroga kwenye uji. Hizi pia alizisaga.

Ndugu yangu alinipigia simu ofisini. Alisema baba ametapika, moyo umemwenda mbio, hakufika hospitali. Nilielewa kabla hajamaliza. Dawa ya nusu siku iliingia mwilini kwa dakika chache. Nilisema, "Sawa, nakuja," kisha nikaenda kuosha vyombo vyangu.

Kwenye mazishi kwaya ya kanisa iliimba. Sikulia. Wanawake walisema masomo yamenipa moyo mgumu.

Watu walipotawanyika, mama, au mwaitu kama tumwitavyo kwetu, aliniletea pakiti ya tembe zile.

"Wewe unafanya kazi na dawa. Hizi zina nini?"

Nyuma palikuwa pameandikwa kwa Kiingereza kwamba zimezwe nzima. Mama hakujua kusoma Kiingereza, wala hospitalini hakuna aliyemweleza. Krismasi nilikuwa nimekaa nao siku nne nikiwasimulia habari za gundi, wakacheka. La kusaga sikulitaja.

"Ni dawa ya pumu," nikasema.

"Nilizisaga."

"Najua, mwaitu."

"Nilikosea?"

"Hapana. Ni pumu iliyomshinda."

Alichukua pakiti yake, akaingia jikoni kuchochea moto. Kama aliniamini, sijui.

Jumatatu nilirudi kazini. Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kusaga tembe moja kabla ya kuipima.

"Kwa nini?"

"Kuna watu husaga."

Katika nusu saa dawa yote ilikuwa imetoka. Niliandika tarakimu kwa mwandiko mzuri. Mwalimu aliziingiza kwenye ripoti, akaongeza kwamba mgonjwa aelezwe kwa lugha yake. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili nikingoja nihisi kitu.

Mama aliishi miaka minane zaidi. Tuliongea juu ya mvua, mbaazi na wajukuu. Ile habari ya tembe hakuiulizia tena, nami sikuianzisha.