Miguu ya Korongo

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba alama iliyo juu ya kifundo cha mguu wangu wa kushoto ni kovu la moto. Nilikuwa na maelezo kamili: jiko la mkaa, chai ya futari, kaka yangu akipita mbio. Kaka yangu aliyakataa maelezo hayo kila alipoyasikia, na kila mara nilimjibu kwamba alikuwa mdogo, hakumbuki. Si kovu la moto. Ni miguu miwili ya korongo na sehemu ya mkia, na ilichorwa kwa sindano ya mama yangu na kwa idhini yangu mwenyewe.

Mwisho wa mwaka 1990 mama, aliyekuwa fundi cherehani mtaa wa Nyamirambo, Kigali, alimpangisha chumba cha uani mwalimu wa kike wa Kiingereza kutoka Amerika. Mimi nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu kule Butare na shahada ya elimu ya jamii, ambayo mama aliwatajia wateja kwa sauti ya chini kama ugonjwa wa heshima, na nilikuwa nimepata kazi ya kupiga chapa barua ofisini. Chuoni nilisoma vitabu vingi ambavyo Wazungu waliandika kutuhusu baada ya kukaa kijijini miezi minane. Sasa mimi nilikuwa na Mmarekani uani, na sikuhitaji hata nauli. Nilinunua daftari.

Jambo la kwanza nililoandika ni kwamba Wamarekani hukimbia asubuhi bila sababu. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na mtu akionekana anakimbia alfajiri, wenye akili hawamuulizi, wanamfuata. Wiki ya kwanza majirani wawili walimfuata hadi msikitini, mmoja akiwa na godoro. Alipowaeleza kwamba anakimbia kwa ajili ya moyo, walirudi nyumbani wakimwonea huruma kwamba ni mgonjwa wa moyo.

Niliandika pia kwamba Wamarekani hukuuliza habari yako huku wakiendelea na safari, kwa hiyo jibu unalitoa kwa mgongo. Kwamba hula barabarani. Hili lilimtesa mama. Kwetu mtu mzima hali njiani. Hata mwenye njaa hutafuta ukuta. Mpangaji wetu alikuwa akimenya ndizi mlangoni na kushuka nayo mtaa mzima, akisalimia wazee mdomo umejaa. Mama akanipa kazi ya kutembea upande wake wa kulia nikiwa nimetanua kanga, ili watu wasione. Niliifanya kazi hiyo mwezi mzima, na daftarini niliiita uchunguzi wa karibu.

Kisha mama akamwona akifua na sketi imekunjwa. Kwenye kifundo cha mguu alikuwa na kobe.

Kwetu mwili ukichanjwa ni kwa sababu ya maradhi. Mganga hukata mistari midogo, hupaka dawa nyeusi, mistari inabaki. Hizo ndizo chale, na mtu akiziona haulizi kama ni nzuri, anauliza ziliwekwa kwa ajili ya nini. Basi mama akaniambia nimuulize mpangaji anaumwa nini. Nikamtafsiria. Mpangaji akasema haumwi kitu, anapenda kobe. Mama akataka nirudie swali, kwa upole zaidi. Jibu likawa lile lile. Mama akatikisa kichwa akasema ugonjwa ambao mwenyewe anaukana lazima ni mkubwa, na kwamba hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ndera si mbali, tena kule madaktari wanajua Kifaransa. Tangu siku hiyo alimpelekea uji.

Mimi niliandika: Kobe. Sababu: anapenda. Nilitazama maneno hayo jioni nzima. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na sikuwahi kufanya jambo lolote ambalo sababu yake ingejaa kwenye neno moja.

Siku chache kabla hajaondoka, mwaka uliofuata, nilimwomba anichore. Nilijiambia kwamba mtafiti sharti ashiriki. Chuoni kwao walikuwa wakichorana wenyewe kwa sindano na wino, naye alijivunia wepesi wa mkono wake. Nikaiba sindano kwenye kopo la mama. Niliomba korongo mwenye kishungi, mbawa wazi, picha ya kiumbe hai mwilini mwa binti wa Kiislamu, jambo ambalo hata bila kwenda madrasa ningejua halifai. Alianzia miguuni. Alichora mguu wa kwanza, nikamsimulia habari za chuo. Alichora wa pili, nikauma pindo la kanga. Alipofika mkiani nilimwambia, kwa Kiingereza safi kuliko chote nilichowahi kusema, kwamba ndege huyo sasa amekamilika. Nikaenda kutapika.

Kwa hiyo nilibaki na mistari mitatu mifupi, myeusi, iliyolingana. Mmarekani aliitazama akaona korongo ambaye hajaisha. Mtu mwingine yeyote katika mji wa Kigali angeona chale.

Mwaka 1992 nikaposwa. Aliyeniposa alikuwa na karakana ya magari mtaa wa Gikondo, mtu wa maneno machache, na kwa mara ya kwanza maishani nilijikuta nikipenda kitu bila kukiandika. Alilelewa na shangazi yake. Mwenyewe aliniambia waziwazi kwamba neno la mwisho ni la shangazi, kwa sababu alimbeba mgongoni wakati wengine wote walikuwa na shughuli. Sikuona ubaya. Shangazi wote walinipenda.

Shangazi huyo alikuja kututembelea mchana mmoja, akaketi na mama, akasifu mishono. Adhana ya alasiri ikalia, nami nikaenda bombani uani kutawadha. Naye akaja kutawadha. Mtu unaweza kuvaa soksi mwaka mzima, lakini hakuna udhu wa soksi mbele ya mama mkwe wako mtarajiwa. Nilianza na mguu wa kulia, nikauosha kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Hapo walikuchanja ya nini?" akauliza.

Nikasema ni moto, shangazi, jiko la mkaa. Akainama, akatazama vizuri, maji yakimdondoka kwenye viwiko.

"Moto haupigi mistari," akasema, akaenda kuswali.

Wiki mbili hazikuja habari. Kisha jirani yetu akamnong'oneza mama kwamba kuna mwanamke kutoka Gikondo anapita kwa wazee wa mtaa, akiuliza kwa heshima kama katika ukoo wetu kuna mtu anayeanguka. Maana yake kifafa. Mchumba wangu alituma ujumbe kwamba yeye hajali, ila shangazi amesema hapeleki mtu wa nyumba yake mahali penye siri ya damu. Nilimjibu kwamba ni moto. Nilimtumia jibu hilo mara tatu, na nadhani la tatu ndilo lililomtia wasiwasi hata yeye.

Mama aliweka kopo la sindano mbele yangu. Akatoa moja iliyokuwa na wino shingoni. Alikuwa ameihifadhi zaidi ya mwaka.

"Bibi msomi," akasema, "unangoja nini?"

Nikamwambia nikisema ni chale, watasema kifafa. Nikisema ni mapambo ya Kimarekani, watasema uhuni.

"Basi chagua."

"Nitasema ni moto."

Akanitazama jinsi alivyomtazama mpangaji siku ya kobe. Jioni ile aliniletea uji.

Ofisini kwetu simu ilikuwa moja, mezani kwa mkuu wangu, na aliyepigiwa aliongea akiwa amesimama mbele yake na mbele ya wapiga chapa watano. Jumatano moja niliitwa. Laini ilikuwa ikikwaruza. Nikamtambua shangazi, nyuma yake nilisikia watu wakipimiwa sukari, maana alikuwa akipiga kutoka dukani.

"Sikiliza, mwana," akasema. "Nimeuliza mtaa muzima. Hakuna muntu anaanguka kwenu. Sasa nauliza wewe, mara moja tu, na usiniambie moto. Ile kitu kwa mguu iko ugonjwa ao iko ujinga?"

Nilitazama dari. Mkuu wangu alikuwa akisoma faili juu chini.

"Ni ujinga, shangazi."

"Sisikii. Ongea na nguvu."

Mashine zote tano zilikuwa zimenyamaza. Nikarudia kwa nguvu. Nikaongeza, kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kuokoa, kwamba nilichorwa na Mmarekani, kwamba nilitaka korongo, na kwamba niliogopa kabla hajafika tumboni mwa ndege.

Nilimsikia akimwambia mwenye duka angoje.

"Ugonjwa unaingia kwa watoto," akasema. "Ujinga hata kwetu iko. Siku ya posho, Jumamosi hii, tunakuja, na mashangazi wengine wawili."

"Karibuni, shangazi."

"Uvae soksi."