Mchenya wa Mama

Mtu akianza kunisifia umoja wa kwetu, naweka kikombe chini. Umoja huo naujua. Ulimmaliza mama yangu polepole, na waliousimamia walikuwa watu wema, watu wa kanisani, ambao mpaka leo tukikutana Bariadi mjini wananiamkia kwa furaha. Naitikia, kwa sababu nimelelewa. Hasira yangu haijaisha.

Mama alikuwa anaogopa watu. Siyo mmoja mmoja. Mgeni mmoja angemkirimu mpaka mgeni asahau kuondoka. Aliogopa watu wengi kwa pamoja. Wakijaa uwanjani moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikamkwama, akainuka na kuondoka bila kuaga. Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulichambua pamba, safi huku na fifi, ile yenye madoa, kule, mgongo wangu umeegemea wake, naye akimsengenya kila mbuzi aliyepita.

Enzi ya ushirika alipeleka pamba mwenyewe, maana karani wa ghala alikuwa yuleyule miaka yote na walijuana. Kisha soko likafunguliwa. Ghala likapigwa kufuli, wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na wapiga kelele wake, na foleni ikawa ni kusukumana. Mama alienda mara moja tu, akarudi na mzigo wake kichwani. Tangu hapo hofu ikatanuka. Gulio likamshinda, kanisa likamshinda, mwisho msiba nao ukamshinda.

Msiba ndio uliomponza. Kwetu msiba hauna udhuru. Siku ya kuzika msimamizi husimama na kuziita kaya moja moja kwa sauti, na kaya isiyoitika inapigwa mchenya: inatozwa faini, na ikirudia inatengwa. Hakuna kuisalimu, hakuna kuipa moto wala chumvi, hakuna kuisaidia kulima. Baba alikuwa ameshafariki na mimi nilikuwa mtoto wa shule nisiyehesabika, kwa hiyo kaya yetu ilikuwa mama peke yake.

Mara ya kwanza walichukua mbuzi. Mara ya pili walikuja kundi zima, mbele mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji.

"Mwadila, mayu," alisalimu.

"Mwadila, baba."

"Mbona hukuja kuzika?"

"Nilifika njiani. Miguu ikakataa."

"Miguu, au kiburi?"

Mama alifungua mdomo, lakini walikuwa wengi, wamesimama, wanamtazama. Akaanza kutetemeka. Nyuma mmoja akasema, "Anatetemeka nini kama hana neno moyoni?" Kwetu maneno kama hayo, yanayonusa uchawi, juu ya mwanamke mjane yamewahi kuua watu, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo. Hakuna aliyemkemea.

Wakamtenga. Kisimani wanawake walinyanyua ndoo zao wakasogea pembeni. Mjomba aliyekaa mjini alimleta mtu wa duka la dawa, maana miaka hiyo aliyeshindwa kuuza nguo aliuza dawa. Akamdunga mama sindano za kuongeza damu, akaondoka na majogoo. Damu ya mama haikuwa na shida yoyote. Kilichonitia uchungu ni kuona kwamba sasa anamwogopa hata mtu mmoja. Akisikia hatua uani, anaingia ndani na kufunga mlango.

Nilipokuwa mtu mzima, ninafanya kazi Mwanza, moyo ulianza kunienda mbio na mimi. Daktari akanichorea ubongo kwenye karatasi, akaweka alama ndani kabisa, sehemu ndogo kama punje ya karanga. Hii, alisema, ni mojawapo ya sehemu zinazochungulia hatari. Wengine wamezaliwa nayo nyepesi. Inashtuka kabla akili haijauliza kuna nini.

"Inatulizwa na nini?" nikamuuliza.

"Dawa zipo, na mazoezi yapo. Lakini akikaa karibu yako mtu unayemwamini, mara nyingi inapunguza kelele."

Nikaukumbuka mgongo wa mama ukiwa umeegemea wangu. Nikamkasirikia daktari kana kwamba ni yeye aliyechelewa. Sisi tuna mwano, yowe linalopigwa mwizi akiingia zizini, na ukipigwa mwano kijiji kizima kinakimbilia nyumba hiyo. Kichwani mwa mama mwano ulipigwa kila siku, na kijiji kizima kikakimbilia upande wa pili. Walimnyang'anya dawa, kisha wakamlaumu kwa kuumwa.

Nilikwenda kumweleza mtemi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha uji.

"Huo ni ubongo wa Mwanza, mwanangu," alisema. "Sisi hapa tunazikana."

Nikamwomba mama tuhame wote. Alikataa. Alisema huko Mwanza watu ni wengi mno.

Alipofariki walikuja wote. Uwanja ulijaa mpaka nje ya uzio wa minyaa, watu ambao hawakumwitikia salamu kwa miaka, wakilia kwa sauti, wakipika kwenye sufuria zake. Walikuja kwa sababu asiyekuja anapigwa mchenya. Nilikaa mbele karibu na jeneza, nikijiuliza ni lini mara ya mwisho mmoja wao alikaa karibu naye hivyo.

Msimamizi akasimama, akaanza kuziita kaya. Kila moja ikaitika. Alipofika kwetu, kwa mazoea akalitaja jina la mama, kisha akashtuka.

Mzee mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Yupo. Leo amekuja."

Watu wakacheka kidogo, kwa upole, kama waliokwisha kumsamehe. Nikainuka katikati yao wote, nikaondoka bila kuaga.