Haijanoki

Mashine ya Cheruto ya kukatia ng'ombe nyasi, huko Rongai, ilitoa moshi wiki nzima kisha ikakataa kuwaka. Mnunuzi wa skrapu aliitazama, akasema injini imenoki, haitapona, na kesho atakuja na mzani kuipima kama chuma chakavu.

"Haijanoki. Imechoka," Cheruto akamkatiza.

Aliifungua injini, akanunua ringi za pistoni tu. Valvu zilizovuja alizisaga mwenyewe: alizipaka dawa ya kusagia, akazishikiza moja moja kwenye kijiti, akakipekecha kati ya viganja kama nyanya yake alivyopekecha moto. Alipekecha hadi mikono ikamwasha, kisha akaiunga injini upya.

Kesho yake mnunuzi alikuta injini inanguruma.

"Mathe, nimekuja kuchukua ile iliyokufa," akamwambia mama huyo.

"Sogea, boss. Umekanyaga nyasi yake."